Mzingo: Neno Lake, Kipimo Chake, na Matumizi Yake Katika Nchi ya Bariadi

Katika elimu ya maumbo mambo mawili hupimwa kabla ya yote: urefu wa mstari unaolizunguka umbo, na ukubwa wa nafasi iliyomo ndani ya mstari huo. La kwanza, katika vitabu vya hesabu vya shule za msingi za Tanzania, laitwa mzingo; la pili laitwa eneo. Nia ya makala haya ni kulieleza neno mzingo kwa njia mbili pamoja: kama neno la lugha, lenye asili na jamaa zake, na kama kipimo, chenye kanuni na mitego yake.

Mifano yetu mingi tumeichukua kutoka Bariadi na wilaya jirani za Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kukata sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Sababu ni mbili. Kwanza, huko watoto wengi husema Kisukuma nyumbani, hufundishwa hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hufundishwa hesabu zile zile kwa Kiingereza katika shule ya sekondari. Kwa hiyo wazo moja lina safari ya lugha tatu, na laweza kupotea njiani. Pili, ni nchi ya wakulima wa pamba na ya wafugaji. Mahali kama hapo kuchanganya mzingo na eneo si kosa la daftarini tu. Kosa hilo huingia katika ujira wa kibarua na katika mpaka wa malisho.

I. Asili ya neno

Mzingo latokana na kitenzi zinga, maana yake kwenda kwa kupinda, kuzunguka. Limejengwa kwa m- mwanzoni na -o mwishoni, kama mchezo kutoka cheza, msemo kutoka sema, na mkato kutoka kata. Majina ya namna hii hutaja tendo lenyewe, au kile kinachobaki baada ya tendo kwisha. Mkato ni tendo la kukata, na pia ni alama iliyoachwa na kisu. Vivyo hivyo mzingo ni kule kuzinga, na pia ni njia aliyoipita mwenye kuzinga. Hesabu imeichukua maana hii ya pili, ikaiongezea sharti moja: njia hiyo ipimwe urefu wake.

Jamaa za neno hili ni wengi. Tunalo zingira, yaani kuzunguka pande zote, kama jeshi lizingiravyo mji. Na kutoka kwake mazingira, yale yote yaliyotuzunguka. Tunalo kizingo, pindo la mto au la njia. Tunalo na mzinga wa nyuki, lile gogo la mviringo lililotobolewa, ambalo baadaye liliipa jina lake silaha ya mabwana vita. Nje ya Kiswahili, Luganda yasema okuzinga kwa maana ya kukunja na kuviringisha, na kisiwa kwa Luganda ni ekizinga, yaani mahali palipozungukwa na maji. Kinyarwanda kina kuzinga, kukunja. Na Lingala ina kozinga, kufunga kitu kwa kukizungushia kingine. Msomaji ataona ya kuwa wazo lililomo ni moja: kitu kimoja kinafuata pande zote za kingine mpaka kinakutana na mwanzo wake. Wayunani nao walipotafuta jina la kipimo hiki waliunga maneno mawili, la kuzunguka na la kupima. Kiswahili kimetosheka na moja, kwa kuwa kupima kumo ndani ya matumizi.

Yafaa tutazame pia maneno yanayogombea nafasi hii. Mzunguko ni jirani wa karibu, kwa sauti na kwa maana. Lakini lina mwendo ndani yake. Twasema mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha, mzunguko wa dunia kulizunguka jua. Pale ambapo kitu hakiendi, kama ukuta wa nyumba, mzunguko hulegea. Kivimba hutaja unene wa kitu kilichojaa, kama shina la mti, unapokizungushia kamba. Halifai kwa uwanja tambarare. Duru hutaja zamu au awamu, kama duru ya pili ya mashindano. Mpaka na ukingo hutaja mstari wenyewe, wala si urefu wake: mpaka huwekwa, huvukwa, hugombewa, mzingo huhesabiwa. Shamba lina mpaka hata kama hapana mtu aliyelipima, ila mzingo wake tutausema kwa tarakimu tu.

II. Majina ya maumbo

Ama majina ya maumbo yenyewe, yametoka njia mbili. Mraba, mstatili na duara yametoka Kiarabu. Mraba lina ndani yake shina la nne, na mstatili shina la urefu. Katika Kiarabu silabi mu- mwanzoni mwa maneno haya mawili ni alama ya namna ya neno, wala haina uhusiano na ngeli. Waswahili waliisikia kama kiambishi chao wenyewe cha ngeli ya M-MI, wakapata wingi wake mara moja: miraba, mistatili. Hivyo neno la kigeni liliingia nyumbani kwa mlango wa sarufi, na leo hapana mtoto anayelihisi kuwa geni.

Lakini tazama jambo hili. Majina ya vipimo vya maumbo hayakufuata njia hiyo. Upande, pembe, mzingo, eneo na kipenyo yote ni ya asili ya Kibantu. Waarabu huuita mzingo wa duara muhit, jina ambalo kwao hutaja pia bahari kuu, Waswahili hawakulichukua. Pembetatu nalo limeundwa kwa pembe na tatu, ingawa Kiarabu kilikuwa na jina tayari. Kwa hiyo, tukiwa twasema juu ya mzingo wa mstatili, umbo limetajwa kwa neno lililotoka ng'ambo na kipimo kwa neno la hapa hapa. Faida yake kwa mwalimu ni kubwa: neno mraba hana budi kulifundisha kama jina tu, lakini mzingo, eneo (kutoka enea) na kipenyo (kutoka penya) aweza kuyafumbua mbele ya mtoto, na maana ikatoka ndani ya neno.

III. Kanuni na sababu yake

Kanuni ya mzingo kwa kweli ni moja: chagua mahali pa kuanzia, fuata ukingo wa umbo bila kuuacha, rudi pale ulipoanzia, na hesabu urefu wa njia yote. Kanuni nyingine zote ni njia za mkato za kanuni hiyo.

Mraba una pande nne zilizo sawa, kwa hiyo mzingo wake ni upande mmoja mara nne. Mraba wa meta 25 una mzingo wa meta 100. Pembetatu ina pande tatu, na mzingo wake ni jumla ya pande hizo. Pande zikiwa meta 30, 40 na 50, mzingo ni meta 120. Pembetatu yenye pande sawa ina njia ya mkato: upande mmoja mara tatu.

Mstatili wataka uangalifu wa lugha. Una urefu mara mbili na upana mara mbili. Watu wengi huisema kanuni yake hivi: “mara mbili ya urefu na upana.” Maneno haya yana maana mbili. Shamba likiwa na urefu wa meta 90 na upana wa meta 40, msikiaji mmoja atajumlisha kwanza apate 130, kisha azidishe kwa mbili apate 260. Mwingine atazidisha urefu peke yake apate 180, kisha aongeze upana apate 220. Wa kwanza ndiye aliyepata mzingo. Wa pili ameacha upande mmoja wazi, na ng'ombe watapita hapo. Katika maandishi mabano huondoa shaka, lakini mdomoni hakuna mabano. Heri kusema: “Jumlisha urefu na upana, kisha jumla hiyo uizidishe kwa mbili.” Neno kisha ndilo bano la Kiswahili cha kusemwa.

Duara haina upande wa kupima kwa rula. Hapo twatumia kipenyo, yaani mstari upenyao katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Zungusha uzi kwenye mdomo wa ndoo, unyoshe, uulinganishe na kipenyo cha mdomo huo. Kisha fanya vivyo hivyo kwa sufuria na kwa pipa. Kila mara utaona ya kuwa uzi ni mara tatu ya kipenyo na kidogo zaidi. Kidogo hicho ndicho kilichowashughulisha wanachuoni kwa muda mrefu. Archimedes, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha ya kuwa idadi hiyo imo baina ya 3 na 10/71, na 3 na 1/7. Ile ya pili, yaani 22/7, ndiyo wanayoitumia watoto wetu wanapoandika pai. Yazidi kweli kwa kadiri ndogo sana: pai ni 3.14159 na kuendelea, na 22/7 ni 3.14285.

Tuchukue nyumba ya msonge, ya mviringo yenye paa la nyasi, kama zile walizojenga Wasukuma wa zamani na ambazo mfano wake umehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Kipenyo chake kikiwa meta 7, mzingo wa ukuta ni meta 22. Nguzo zikisimamishwa kila nusu meta, zitatakiwa 44. Lakini ukisimamisha nguzo kwa nafasi hiyo hiyo katika mstari ulionyoka wa meta 22, zitatakiwa 45, kwa maana mstari una ncha mbili, na kila ncha yataka nguzo yake. Katika mzingo nguzo ya mwisho ndiyo ya kwanza. Hapo maana ya kuzinga yaonekana wazi kuliko katika kamusi yo yote.

IV. Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni nusu duara. Mwanafunzi akisikia “nusu ya duara” hudhani ya kuwa mzingo nao utakuwa nusu. Duara yenye kipenyo cha meta 14 ina mzingo wa meta 44. Tukiikata katikati, tao ni meta 22. Lakini umbo lililobaki limepata upande mpya, yaani kile kipenyo tulichokifuata kwa kisu. Mzingo wake basi ni 22 na 14, yaani meta 36. Nusu ya duara haina nusu ya mzingo.

Mtego wa pili ni kuunganisha. Ndugu wawili wana viwanja vya mraba vilivyopakana, kila kimoja meta 10 kwa 10. Kila kiwanja kina mzingo wa meta 40. Wakikubali kuviunganisha na kuzungushia uzio mmoja, hawatahitaji meta 80 bali 60, kwa sababu upande walioshirikiana, uliohesabiwa mara mbili, sasa umo ndani. Maeneo hujumlishwa, mizingo haijumlishwi hivi hivi.

Mtego wa tatu ndio mkubwa, nao ni kuufanya mzingo kuwa shahidi wa eneo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mkulima hulipima shamba kwa miguu, na eka moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hiki kina msingi. Eka ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo, hatua ikiwa sawa na yadi, tofauti ni ndogo. Mzingo wa shamba hilo ni hatua 280.

Sasa tuseme vibarua watatu wamepatana kupalilia pamba kwa ujira wa eka moja kila mmoja, na mwenye shamba amewapimia kwa kuzunguka: kila sehemu hatua 280. Wa kwanza amepewa 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Wa pili amepewa 100 kwa 40, yaani 4,000. Wa tatu amepewa 120 kwa 20, yaani 2,400. Wote watatu wamezungukwa na mzingo ule ule, lakini wa kwanza amefanya kazi zaidi ya mara mbili ya wa tatu kwa fedha ile ile. Hapana aliyesema uwongo, na hesabu ya kuzunguka ni sahihi; kilichokosewa ni kutumia neno moja mahali pa jingine.

Urefu wa hatua nao una lake. Mtu wa hatua fupi ya meta 0.75, akienda 280, amezunguka meta 210 badala ya meta 256 za mwenye hatua ya yadi. Mzingo umepungua kwa chini ya sehemu moja ya tano, lakini eneo limepungua kwa karibu theluthi, kwa sababu upungufu umeingia katika urefu na katika upana pia. Ndiyo maana wahenga wa pwani waliposema dhiraa, shibiri na pima walitaka wanunuzi na wauzaji wakubaliane kwanza mkono wa nani utatumika.

Kosa hili ni la kale. Polybius, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alilalamika ya kuwa watu wengi huukadiria ukubwa wa mji kwa urefu wa kuta zake. Alitoa mfano wa Megalopolis, uliozungukwa na stadia 50, na Sparta, uliozungukwa na stadia 48. Walakini, alisema, Sparta ulikuwa mkubwa mara mbili.

Kinyume cha mtego huu kuna faida. Kwa mzingo ule ule wa hatua 280, duara huzunguka eneo la hatua za mraba zipatazo 6,239, yaani zaidi ya mraba kwa robo na ziada kidogo. Hakuna umbo liwezalo kuishinda duara katika jambo hili. Mfugaji ajengaye zizi la mviringo kwa matawi ya miiba hupata nafasi kubwa kabisa kwa miiba aliyo nayo.

V. Maumbo yasiyonyoka

Maumbo ya kitabuni yamenyoka. Ya nchi hayakunyoka. Katika Usukuma iko desturi ya ngitili, yaani sehemu ya ardhi inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake ziwe akiba ya mifugo wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI na ulioendeshwa tangu 1986 hadi 2004, uliifufua desturi hiyo katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwamo. Ngitili aghalabu haina waya wala ukuta; huzungukwa na makubaliano. Mpaka wake hufuata korongo, mti, kichuguu, njia ya ng'ombe. Ili kupata mzingo wake hatuna budi kuugawa mpaka huo vipande vifupi vilivyonyoka, kupima kila kipande, na kujumlisha.

Tena vipande vikizidi kuwa vifupi, mzingo huzidi kuwa mrefu, kwa sababu mapindo madogo nayo huingia katika hesabu. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, nalo ziwa ni mfano mzuri. Henry Morton Stanley alilizunguka kwa mashua kuanzia Machi hadi Mei 1875, akaonyesha ya kuwa ni ziwa moja. Lakini vitabu havikupatana mpaka leo juu ya urefu wa ufuko wake: vingine huandika kilomita 3,400 hivi, vingine zaidi ya 7,000. Tofauti yatokana na urefu wa kipimo kilichotumiwa na kama visiwa vimehesabiwa. Benoit Mandelbrot aliieleza habari hii mwaka 1967 kwa mfano wa pwani ya Uingereza. Kwa hiyo mzingo wa kitu kisichonyoka usitajwe bila kutaja ulipimwa kwa kipande cha urefu gani.

VI. Neno katika safari ya lugha tatu

Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mwaka ule ule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, mtoto wa Bariadi amejifunza neno mzingo pamoja na watoto wenzake wa Tanga na Lindi. Anapoingia kidato cha kwanza hukuta Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili: moja la maumbo yenye pande, na jingine la duara peke yake. Kiswahili kina moja kwa yote. Asiyeelezwa hudhani ya kuwa duara imepata kipimo kipya asichokijua, naye huacha nyuma kanuni aliyokwisha kuifahamu. Kumbe kipimo ni kile kile. Kiingereza tu ndicho kilichokipa majina mawili. Kwa maoni yetu neno moja la Kiswahili ni bora kwa kufundishia, kwa kuwa laonyesha umoja wa wazo ambao majina mawili yauficha.

Tunapendekeza basi mambo manne. Kwanza, mzingo litumike peke yake kwa kipimo hiki, na mzunguko liachiwe mambo yenye mwendo. Pili, neno lifumbuliwe darasani kutoka kitenzi chake, na mtoto aruhusiwe kutafuta katika lugha ya nyumbani kwao kitenzi cha kuzunguka kitu mpaka kurudi mwanzoni. Akikipata, amekwisha kuipata maana. Tatu, mzingo na eneo zifundishwe siku moja, kwa maumbo yenye mzingo sawa na maeneo mbalimbali, ili mtoto aone mapema ya kuwa kimoja si shahidi wa kingine. Nne, mwalimu wa kidato cha kwanza asione haya kulitamka neno la Kiswahili mara moja kabla ya kuyatoa yale mawili ya Kiingereza.

Katika hayo, la tatu ndilo lisilongoja kamati wala kamusi. Lataka kamba moja ya meta 28 na uwanja wa shule. Watoto waifunge ncha, waivute iwe mraba wa meta 7, kisha iwe mstatili wa meta 12 kwa 2, na kila mara wahesabu wenzao wangapi waweza kusimama ndani. Mraba una meta za mraba 49, mstatili 24; na kamba haikuongezwa wala haikukatwa.